Kabla ya Kuchomeka Unyoya Kwenye Kofia ya Kiskoti

Ukialikwa harusi Uskoti, au kwenye michezo ya Highland kama ile ya Braemar ya kila Septemba, huenda mwenyeji akakuazima kilt, ile sketi ya wanaume ya Kiskoti, pamoja na kofia ya sufu: Balmoral ya duara au Glengarry yenye riboni mbili kisogoni. Vaa kwa raha, watu watafurahi. Ila kuhusu unyoya, ngoja kwanza. Kwenye kofia hizo unyoya wa tai hutangaza cheo, na wanaojua mila watayahesabu manyoya yako kabla hata hamjasalimiana.

Hesabu yenyewe ni hii. Mkuu wa ukoo mzima huvaa manyoya matatu ya tai nyuma ya beji yake. Mkuu wa mlango mkubwa ndani ya ukoo huvaa mawili. Unyoya mmoja ni wa mtu aliyepewa nembo yake binafsi na Lord Lyon, ofisa wa Edinburgh mwenye mamlaka juu ya nembo zote za Uskoti, ambaye daftari lake limekuwepo tangu 1672. Waliobaki wote, hata mtu aliyezaliwa wa damu katika ukoo kama Campbell au MacDonald, hawavai hata mmoja. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba mmoja tu hauna neno, usimsikilize. Kujichomekea matatu penye mkuu wa ukoo ni sawa na kukalia kiti cha mzee wa nyumba ilhali mwenyewe amesimama mlangoni.

Kagua pia beji uliyoazimwa. Alama iliyo katikati ni mali ya mkuu wa ukoo. Watu wake huruhusiwa kuivaa ikiwa imezungushiwa mkanda wenye bizimu, kuonyesha kwamba wanamfuata. Ukiona duara tupu lisilo na mkanda, hiyo ni ya mwenye nembo yake. Irudishe kwa adabu, uombe nyingine. Beji hukaa upande wa kushoto.

Halafu kuna sheria, na hapa sioni nafasi ya kubahatisha. Tai wa dhahabu analindwa. Nchini Uingereza, sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inaweza kukutia matatani kwa unyoya usioweza kuonyesha kwamba uliupata kihalali. Kwa ndugu zetu walioko Marekani ni kali zaidi: sheria ya tai ya mwaka 1940, iliyomjumuisha tai wa dhahabu mwaka 1962, inakataza kumiliki unyoya bila kibali, hata ule uliouokota chini. Usiutie kwenye begi la safari. Wapo wakuu wa koo wanaovaa manyoya ya fedha yaliyofuliwa na sonara, na mila haipungui kitu.

Vishada vya manyoya vya rangi ni vya jeshi. Kile chekundu ni cha Black Watch, ambayo tangu 2006 ni batalioni ya Kikosi cha Kifalme cha Uskoti. Wanajeshi wake walipelekwa Kenya mwaka 1953 kupigana na Mau Mau, kwa hiyo kwa familia nyingine za Kenya rangi hiyo si pambo hata kidogo. Raia asikivae. Zile kofia ndefu nyeusi za wapiga zumari, zilizotengenezwa kwa manyoya ya mbuni, ni sare yao; mwache mwenye zumari avae.

Unyoya wa fezanti, ndege wa mwituni wa jamii ya kuku, kwenye kofia ya kawaida ya tweed (kitambaa kizito cha sufu), ile ya kutembelea mashambani, hauna shida. Usiuchanganye tu na beji ya ukoo.

Ukitaka kofia isiwe tupu, ipo njia nzuri kuliko unyoya, na nashangaa wageni wengi hawaambiwi: majani. Kila ukoo una mmea wake, na tawi dogo huchomekwa nyuma ya beji. MacDonald hutumia hedha, kile kichaka cha maua ya zambarau. MacGregor hutumia msonobari. Hakuna cheo kinachodaiwa hapo. Muulize mwenyeji wiki moja kabla ukoo wao una mmea gani, na kama angependa uuvae. Akikubali, lichume asubuhi ileile, maana tawi la jana hunyauka kabla ya ngoma kuanza.