Meseji ya kwanza kwa mteja wa biashara asiyekujua: unaiandikaje mpaka ajibu

Mi nauza mayai. Nakusanya trei kwa wafugaji wa Kibaha na Mlandizi, napakia kwenye kirikuu napeleka hotelini, migahawani na kwa watu wa keki hapa Dar. Wateja wangu wengi niliwapata kwa kuwaandikia kabla hatujaonana hata siku moja, kwahiyo haya nayoandika ndo kazi yangu ya kila wiki, na kinachoniuma ni kuona vijana wana bidhaa nzuri kabisa, wanaamka saa kumi usiku, alafu meseji wanayotuma inawafungia mlango kabla hata hawajaulizwa bei. Mfano wangu ni mayai ila ukiuza mkaa mbadala, vifungashio, sabuni za kufulia mashuka au matengenezo ya friji, utaratibu ni huohuo.

Meseji zenyewe nazoziona ziko hivi:

"Habari za majukumu. Tunapenda kuchukua fursa hii kukutaarifu kuwa kampuni yetu inajishughulisha na usambazaji wa mayai bora ya kisasa na ya kienyeji kwa bei nafuu sana. Tunafika mikoa yote. Mteja kwetu ni mfalme. Karibuni sana."

Lugha haina kosa. Shida ni kwamba hii meseji unaweza kuituma kwa hoteli ya nyota tano, kwa mama ntilie, kwa shule ya bweni, na isibadilike hata neno, na anayeisoma analijua hilo ndani ya sekunde mbili. Anaona kabisa hii imetumwa kwa watu mia mbili, hajaandikiwa yeye, sasa kwanini yeye ndo ajisumbue kujibu? Anaipita kama anavyopita tangazo kwenye nguzo ya umeme.

Kwahiyo kazi inaanza kabla ya kushika simu. Nenda ukaone. Mi nikiitaka hoteli fulani naenda pale asubuhi nakunywa chai kama mteja, naagiza omleti, naangalia. Mara nyingi unakuta omleti imetoka nyeupe karibu kama chapati, maana kuku wengi wanalishwa mahindi meupe na kiini kinatoka cheupe, wakati mgeni wa hotelini, hasa anayetoka nje, anategemea ile njano yenyewe. Hapo tayari nimepata cha kuandika. Ukishindwa kwenda soma maoni ya wateja wao kwenye Google Maps, angalia Instagram yao wanapost nini, ongea na mlinzi au bodaboda wa pale kijiweni atakwambia mayai yanaletwa siku gani na kama yanachelewaga.

Alafu ujue unamwandikia nani. Hoteli kubwa kuna watu watatu: chef ndo anayeumia mayai yakiwa mabovu, mtu wa stoo ndo anayepokea na kuhesabu yaliyopasuka, na mtu wa manunuzi ndo anayesaini oda. Wengi wanakimbilia kwa mtu wa manunuzi kwasababu ndo mwenye kalamu, mi naanza na chef, maana chef akishasema "nataka haya" wale wawili wanafuata. Mgahawa mdogo hauna mambo hayo, mwenye mgahawa ndo huyohuyo mnunuzi na ndo huyohuyo yuko jikoni, mwandikie yeye.

Sasa meseji yenyewe. Hii hapa karibu neno kwa neno navyotuma:

"Habari za mchana Chef. Naitwa (jina), nasambaza mayai kutoka Kibaha, namba yako nimepewa hapo mapokezi kwenu. Jumamosi nilikuja kunywa chai, nimependa sana mlivyopanga brekfasti. Mayai mengi yanayozunguka Dar sasa hivi kiini chake ni cheupe, wafugaji wangu wanachanganya mahindi ya njano na majani kwenye chakula kwahiyo kiini kinakolea. Naomba nikuletee trei moja ya kujaribu Alhamisi saa 9 mchana, hulipi kitu, upasue mwenyewe uone. Nilete?"

Basi. Ni meseji fupi tu.

Angalia ile sentensi ya kiini cheupe. Mwanzoni nilikuwa naandika "niliona omleti yenu ni nyeupe", na ni kweli nilikuwa nimeiona, lakini chef alinijibu mara moja tu, "asante", na mpaka leo sijaingia jikoni kwake. Nilikuwa nimemwambia mtu wa heshima zake kwamba chakula chake kibaya, tena mtu nisiyemjua. Siku hizi lawama naipeleka sokoni, nasema mayai yanayozunguka mjini, na yeye mwenyewe anajua kwamba hayohayo ndo anayoletewa. Tatizo unalitaja ila mwenye tatizo humuaibishi. Kama hujui uliweke vipi, msomee mtu mwingine kwa sauti uone usoni anakunja au hakunji.

Swali la mwisho nalo lina sababu yake. "Nilete?" linajibiwa kwa neno moja akiwa ameshika mwiko mkono wa pili. Ukiandika "karibu kwa maelezo zaidi" umempa kazi ya kufikiria aulize nini, na mtu mwenye kazi zake hafanyi hiyo kazi. Ukiandika "naomba tuwe wauzaji wenu rasmi" umeomba ndoa siku ya kwanza. Meseji ya kwanza iombe kitu kidogo ambacho hakimgharimu kukubali: trei moja, dakika kumi, picha ya stoo yao, jina la mtu wa kuongea naye. Oda itakuja yenyewe akishaonja.

Kwenye salamu hapa wengi wanapotea. Kuna wanaotuma "Mambo" alafu wanasubiri wajibiwe poa ndo waseme shida yao. Usifanye hivyo kwa mtu asiyekujua, anaona namba ngeni imeandika mambo anaiacha, atajuaje wewe ni nani. Salamu na shida viwe kwenye meseji moja. Ila pia usikate salamu kabisa ukaanza na "Tunauza mayai", sisi hatuongei hivyo na mtu atakuona huna adabu. "Habari za mchana" inatosha na haina makosa kwa mtu yeyote. Ukishajua kwamba mwenye biashara ni mtu mzima kwako, andika shikamoo mzee au shikamoo mama bila woga, hata kwenye WhatsApp ya biashara, inafungua milango mingi kuliko punguzo la bei. Chef muite chef, wanapenda na ni haki yao. Dada na kaka kwa rika lako. Ila hizi za "mpendwa mteja" na "dear" achana nazo, yeye bado si mteja wako. Na kama meneja ni mgeni na ukurasa wao wote uko kwa Kiingereza, andika Kiingereza kifupi cha kawaida, usijaze maneno magumu.

Jambo lingine zito ni uaminifu. Tanzania hapa kila mtu mwenye simu ameshatumiwa ile "ile hela tuma kwenye namba hii", kwahiyo namba ngeni inaanza ikiwa mshukiwa na ni haki yao kuogopa. Unamtoa hofu kwa vitu vidogo vidogo. Sema namba yake umeitoa wapi, bango la getini, Instagram yao, mapokezi, popote ila pawe pa kweli. Sema uko wapi, jina la mahali. Usiombe hela yoyote kwenye meseji ya kwanza, hata ya nauli. Na profaili yako ya WhatsApp iwe na jina la biashara na picha ya bidhaa au yako ukiwa kazini, maana kitu cha kwanza anachofanya akipata meseji ni kubonyeza ile picha, akikuta nembo ya timu ya mpira au maua hapo umeshapoteza. Kama unatoa risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na una TIN (namba ya mlipakodi), kwa hoteli na kampuni litaje mapema, sentensi moja tu, kwasababu mtu wao wa hesabu anakataa wauzaji kila siku kwa sababu hiyohiyo na wewe umeshamuondolea kikwazo.

Ukimtaja mtu aliyekuelekeza muombe ruhusa kwanza. Ukiandika "nimeelekezwa na fulani" na fulani hajui, atapigiwa simu palepale na utawakosa wote wawili.

Bei niweke au nisiweke? Mi kwa hoteli siweki kwenye meseji ya kwanza, pale nataka apasue yai kwanza. Kwa watu wa keki naweka, wao wananunua trei nyingi na hesabu zao ni za karibu karibu, bei isipokuwepo hawajibu. Ila kokote kule ukiulizwa "bei?" jibu namba, namba kamili ya trei la mayai 30 pamoja na usafiri mpaka mlangoni. Hii tabia ya "bei maelewano" au "njoo tuongee" kwa mtu wa biashara ni kumpotezea muda, na anaelewa kwamba unataka kumpima kwanza mfuko wake.

Muda. Chef humpati asubuhi, brekfasti inaenda mpaka saa nne na baada ya hapo wanaingia kwenye chakula cha mchana, mtumie saa nane mchakamchaka ukishapoa mpaka kama saa kumi kabla ya chakula cha jioni. Watu wa keki wengi wanaoka usiku, ukimtumia saa moja asubuhi unamwamsha, subiri saa tano au saa sita. Ijumaa mchana usimtafute mtu anayeswali. Na uangalie msimu, hii watu hawaifikirii kabisa: hoteli za watalii zinajaa kuanzia Juni, kwahiyo waandikie Aprili au Mei mwanzoni wakati wa masika, wageni wachache, chef ana muda wa kujaribu yai lako. Ukija Julai anakwambia ana muuzaji. Ramadhani brekfasti inapungua lakini watu wa keki wanaelekea Idi, wao ndo wa kuwaandikia wiki mbili kabla.

WhatsApp ndo nayotumia zaidi. Kumbuka ile orodha ya kutuma kwa mpigo inawafikia wale tu waliokusevu, kwahiyo kwa wateja wapya haikusaidii kitu, na ukitumia namba moja kupesti meseji ileile kwa watu mia usiowajua watakuripoti na namba itafungwa, ukapoteza mpaka wateja ulionao. Mi naandika watano kwa siku, basi, kila mmoja na meseji yake. Picha moja, yai limepasuliwa kwenye sahani nyeupe kwenye mwanga wa jua, sipachiki katalogi wala faili la PDF la kurasa kumi linalomla mtu bando. Voisi usitume kwa mtu asiyekujua, hawezi kuisikiliza jikoni. Kama ni SMS ya kawaida una herufi 160, na ukiweka emoji hata moja zinashuka mpaka 70 na meseji inakatwa vipande vipande unalipia zaidi. Kampuni kubwa wanataka imeili, hapo kichwa cha habari kisiwe "YAH: UTAMBULISHO WA KAMPUNI", andika "Trei ya mayai ya kujaribu, Alhamisi saa 9", na ndani usianze na "husika na kichwa cha habari hapo juu", anza na jambo lenyewe.

Asipojibu usikasirike, na usimwandikie "mbona kimya boss" au "naona tiki za bluu", hakudai wala humdai. Subiri siku nne hivi alafu rudi na kitu kipya. Mi narudi hivi: "Chef habari za leo, Alhamisi napita barabara yenu kupeleka mzigo kwa jirani, naweza kuacha trei yako mapokezi kwa jina lako?" Hapo simuulizi kama ameiona ile ya kwanza, namrahisishia tu. Wengi wanajibu hii ya pili. Baada ya wiki mbili natuma ya tatu nikisema sitamsumbua tena, namba yangu ni hii akikwama. Na kweli naacha. Kuna aliyenitafuta miezi mitano baadaye siku muuzaji wake alipopata shida ya gari, saa mbili usiku, anataka trei 20 kesho yake alfajiri, na nadhani alinikumbuka kwasababu sikumchosha.

Akisema hapana au "tuna mtu tayari", jibu ni "sawa Chef, asante kwa kunijibu, nikutafute tena mwezi gani?" Andika huo mwezi kwenye daftari. Akisema usinitumie tena, futa namba yake siku hiyohiyo, tena siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, na Kenya wana ya kwao ya 2019, kwahiyo mambo ya kununua orodha za namba za watu au kuzikomba kwenye magrupu yaache.

Na akijibu "lete", mjibu ndani ya dakika chache, rudia siku na saa alizokubali, muulize aachiwe nani kama yuko bize. Alhamisi fika saa nane na dakika hamsini. Toa trei kwenye kirikuu wewe mwenyewe, yakague yote 30 kabla hujaingia getini, ukikuta lenye ufa badilisha, alafu mpe mtu wa stoo mkononi na umuulize jina lake.