Kuanza udaktari Uingereza ukitokea nchi ya orodha nyekundu: anza na damu yako, tiketi baadaye

Naandika haya Agosti 2021, na bei na kanuni zote humu ni za wakati huo, baada ya kumsaidia mtoto wa dada yangu kukamilisha maandalizi ya kwenda kusomea udaktari Uingereza. Tanzania imo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza tangu Januari, yaani ukitokea huko unakaa karantini ya hoteli kwa sababu ya korona; Kenya iliingia Aprili, na kila mzazi anayenipigia simu anauliza hoteli ya karantini na tiketi. Nawaelewa, ni pesa nyingi. Lakini mimi ni muuguzi wa kliniki ya chanjo hapa Dar es Salaam, na nitasema wazi: hoteli ukishailipia, imekwisha. Kitakachomweka mwanafunzi nje ya wodi wakati wenzake wanaingia ni rekodi za chanjo na vipimo vya damu, na hizo haziharakishwi kwa pesa. Ndiyo maana nimeziweka mwanzo, na ndiyo maana hatua ya kwanza ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Fomu ya afya kutoka chuoni

Ukishakubali nafasi, chuo kitakutumia fomu ya idara ya afya kazini, ile inayokagua kama una afya na kinga ya kuhudumia wagonjwa. Ichapishe siku hiyo hiyo, usingoje viza. Itauliza kinga yako dhidi ya homa ya ini B, surua, matumbwitumbwi, rubela, tetekuwanga na kifua kikuu. Vyuo vingi vitapima pia homa ya ini C na VVU.

Kwanza tafuta kadi ya kliniki, ile mama aliyokuwa akiibeba ukipimwa uzito. Ipo kabatini, au kwa bibi kijijini, au kwenye bahasha moja na cheti cha ubatizo. Ikipatikana, angalia jina. Kadi nyingi zina jina moja tu, au "Mtoto wa Fulani", kwa sababu ulikuwa hujapewa jina siku ya kwanza. Hilo halikunyimi chuo, ila nenda kwa wakili mkaandike hati ya kiapo kwamba mtoto wa kadi hii ndiye mwenye pasipoti hii, kisha ziambatanishe pamoja. Na jamani, kadi isipigwe picha ya simu ikiwa juu ya goti. Ipeleke steshenari ikaskaniwe pande zote mbili, faili moja ya PDF. Picha za WhatsApp hupoteza tarehe zilizofifia, na tarehe ndiyo wanayoitafuta.

Sasa homa ya ini B, ambayo ndiyo mlima. Tanzania iliingiza chanjo hii kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Wanaoanza chuo mwaka huu wengi wamezaliwa kati ya 2001 na 2003, kwa hiyo wapo waliopata na wapo ambao hawakupata kabisa, hata ndani ya nyumba moja. Usikisie. Fanya hivi:

Pima kwanza kama una virusi vyenyewe. Hiki ndicho kipimo watu wanakiogopa, kwa hiyo ngoja nieleze. Kukutwa na homa ya ini B, au VVU, hakukuzuii kusoma udaktari Uingereza. Kuna kazi fulani za ndani ya mwili wa mgonjwa, zile za upasuaji ambako vidole vyako havionekani wazi karibu na kisu na sindano, ambazo utazuiwa mpaka idhini itoke, na kazi hizo si sharti la kupata shahada. Mwanafunzi akijua mapema anapata matibabu na anapangiwa masomo vizuri. Mzazi anayemficha mtoto kipimo anamuumiza.

Kama huna virusi na kadi haionyeshi chanjo, anza mfululizo leo. Ratiba ya kawaida ni dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu baada ya miezi 6. Huna miezi 6. Ipo ya haraka: mwanzo, mwezi 1, miezi 2, kisha ya nyongeza miezi 12. Na kwa aliyetimiza miaka 18 ipo ya haraka zaidi, siku ya 0, ya 7 na ya 21, nayo pia inataka dozi ya miezi 12. Mimi napendelea ile ya miezi 2 kwa kila mwenye muda, na ya siku 21 kwa anayeondoka Septemba. Muhimu ni kwamba mchanjaji aandike ni ratiba gani, maana afisa wa chuo akiona dozi tatu ndani ya mwezi mmoja bila maelezo atadhani ni makosa.

Kisha subiri mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya tatu, upime kingamwili. Hapa ndipo watu wengi wanakwama. Maabara nyingi za mtaani zinatumia kipimo cha kijiti kinachojibu "ipo" au "haipo". Chuo hakitaki hivyo. Kinataka namba, kwa uniti ya mIU/ml, yaani kiasi cha kingamwili kwenye damu. Kabla hujatoa mkono uchomwe sindano, uliza mapokezi: "Majibu yanatoka kwa namba?" Wakibabaika, ondoka nenda maabara nyingine. Ukipata 100 au zaidi, umemaliza. Ukipata kati ya 10 na 99, utaongezewa dozi moja. Chini ya 10, unarudia mfululizo na kupima tena.

Kama kadi inaonyesha ulichanjwa utotoni, bado utapimwa, na usishtuke ukiona namba ndogo. Kingamwili hushuka miaka inavyokwenda. Mara nyingi dozi moja ya kuamsha inatosha kuipandisha, kisha unapima tena baada ya mwezi.

Wengi hawataweza kumaliza yote haya kabla ya kuondoka. Hilo lisikutishe, ila usilinyamazie. Andikia idara ya afya kazini barua pepe ya mistari mitano: nimeanza tarehe fulani, ratiba ni hii, dozi inayofuata nitaihitaji tarehe fulani, je nitaipata kwenu? Hifadhi jibu.

Surua, matumbwitumbwi na rubela: wanataka dozi mbili za chanjo ya pamoja ya magonjwa yote matatu, zikiachana angalau mwezi mmoja, au kipimo cha damu kuonyesha kinga. Ratiba yetu ya serikali haina matumbwitumbwi, kwa hiyo kadi ya kliniki peke yake haitoshi hata ikiwa imejaa. Watoto wengi wa rika hili walichomwa ya surua na rubela kwenye kampeni ya Oktoba 2014 wakiwa shuleni, lakini wengi hawakuandikiwa popote. Chanjo ya pamoja inapatikana hospitali binafsi. Piga simu kwanza kuuliza kama ipo kwenye friji; kuna hospitali ilimpokea kijana wetu, ikamtoza pesa ya kumwona daktari, ndipo ikamwambia imeisha.

Tetekuwanga: mama atasema uliugua ukiwa darasa la pili. Sawa, lakini mwongozo wa Uingereza kwa wahudumu wa afya hauchukulii historia hiyo kuwa ushahidi wa kutosha kwa aliyekulia nchi za joto. Pima damu tu.

Mpangilio wa siku nao una kanuni zake. Chanjo ya surua-matumbwitumbwi-rubela na ya tetekuwanga zote ni hai: zichomwe siku moja, au ziachane wiki 4. Ya homa ya manjano na hiyo ya surua zisichomwe siku moja, ziachane wiki 4. Na ukishachomwa ya surua, kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kingoje wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Kwa hiyo chukua kalenda ya ukutani, andika kila kitu kwa penseli kabla ya kuchomwa hata moja. Sipendi programu za simu kwa kazi hii. Kalenda mnaiona wote sebuleni na mama atakukumbusha.

Mwisho wa hatua hii: kila chanjo iandikwe jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, jina la chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, tarehe (mwezi kwa maneno, siyo 8/9 isiyojulikana ni Agosti au Septemba), sahihi na muhuri. Nimeona cheti kimeandikwa "Amekamilisha chanjo zote" na muhuri mzuri wa bluu. Hakina thamani yoyote.

Ukifika, watakutoa damu upya kwa baadhi ya vipimo, hasa vya idhini ya kazi za upasuaji, kwa sababu sampuli lazima itolewe mbele yao wakiwa wamekagua kitambulisho chako. Usigombane nao.

Hatua ya 2: Kipimo cha kifua kikuu cha viza

Hiki ni tofauti na kile cha chuo. Kinafanywa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, Dar es Salaam kwa Tanzania na Nairobi kwa Kenya. Ni picha ya kifua, na cheti kinadumu miezi 6. Fanya mapema, kwa sababu picha ikiwa na doa lolote utaombwa makohozi, na kuotesha makohozi kunaweza kuchukua miezi 2.

Hatua ya 3: Viza na pesa

Ukishapata CAS, uthibitisho wa chuo kwamba umekubaliwa, jaza fomu ya viza. Ada ya viza ni pauni 348, na ya huduma ya afya ni pauni 470 kwa mwaka, inalipwa yote kwa mkupuo. Kwa kozi ya miaka 5 jiandae kwa zaidi ya pauni 2,500. Akaunti ionyeshe ada ya masomo ya mwaka wa kwanza pamoja na pesa ya kujikimu ya miezi 9: pauni 1,334 kwa mwezi ukisoma London, 1,023 nje ya London. Pesa hiyo ikae siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Nasisitiza hata siku moja. Baba asiguse akaunti hiyo kulipia mafundi. Kama akaunti ni ya mzazi, ambatanisha barua yake na cheti chako cha kuzaliwa (kwa Watanzania, cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi).

Hatua ya 4: Karatasi za nyumbani

Watanzania, ombeni cheti cha kutokuwa na pingamizi cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kabla ya kuondoka. Cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa ya jinai: Tanzania kwa alama za vidole polisi, Kenya kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Chukueni tu, hata kama chuo hakijataja.

Hatua ya 5: Hoteli, kipimo na ndege

Kabla hujakata tiketi, uliza chuo maswali mawili: tarehe ya mwisho ya kufika bila kupoteza nafasi, na kama wanasaidia gharama ya karantini. Vipo vyuo vinavyochangia, lakini havitangazi kwa sauti.

Kuanzia Agosti 12 hoteli imepanda kutoka pauni 1,750 hadi 2,285 kwa mtu mzima mmoja. Bei hiyo ina usafiri kutoka uwanja wa ndege, chakula na vipimo vya siku ya 2 na ya 8. Siku ni 10 kamili na siku ya kufika haihesabiwi, kwa hiyo masomo yakianza Septemba 20, rudi nyuma kwenye kalenda ukiwa na nafasi ya siku kadhaa. Lipia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza tu. Mtu yeyote anayekuahidi kukupunguzia hoteli kwa kulipa kwake kwa simu, mkatae.

Kuna wanaoshauri ukakae siku 10 nchi isiyo nyekundu kisha uingie bila hoteli. Kanuni inaruhusu. Lakini Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji zote ni nyekundu, Uhabeshi pia, Uturuki pia. Falme za Kiarabu na Qatar zimetoka Agosti 8, ila ukihesabu viza, hoteli, chakula na hatari ya orodha kubadilika ukiwa njiani, kwa kijana wa miaka 19 anayesafiri mwenyewe mara ya kwanza, simshauri.

Ingia kwa Heathrow. Wanaotoka nchi nyekundu hawaruhusiwi kutua kila uwanja, na tiketi ya bei rahisi ya uwanja mwingine inaweza kukukwamisha kaunta.

Kipimo cha korona kifanyike ndani ya siku 3 kabla ya safari. Hakikisha cheti kina jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe sampuli ilipochukuliwa, jina la maabara na aina ya kipimo. Chapisha nakala tatu. Fomu ya abiria ya Uingereza jaza ndani ya saa 48 kabla ya kufika, ukiwa tayari na namba ya kuhifadhi nafasi ya hoteli.

Kuhusu chanjo ya korona: ya Johnson ilizinduliwa hapa Julai 28, ikianza na wahudumu wa afya, wazee na wenye magonjwa sugu. Ukiipata, chanja, ni dozi moja umemaliza. Haikuondolei hoteli. Usipoipata, utachanjwa bure ukifika.

Hatua ya 6: Ndani ya karantini na siku za mwanzo

Mkoba wa mkononi uwe na bahasha ya plastiki yenye kadi ya kliniki halisi, vyeti vyote vya chanjo, majibu ya damu, cheti cha kifua kikuu na barua ya CAS. Usiweke hivi kwenye begi kubwa.

Ukitoka hotelini, chukua kadi ya ukaazi: unatakiwa kuichukua kabla stika ya viza iliyobandikwa kwenye pasipoti haijaisha au ndani ya siku 10 tangu ufike, lolote litakalochelewa. Stika yako ikiwa inaisha karibu, iandikie chuo ukiwa bado hotelini. Kisha jiandikishe kwa daktari wa mtaa, na siku hiyo hiyo omba miadi ya idara ya afya kazini. Aliyeanza ratiba ya siku 21 au ya miezi 2 aombe pale pale tarehe ya dozi ya miezi 12 iandikwe kwenye faili lake.