Paka nta ncha za gogo kabla hujachonga
Kwa wachongaji wenzangu tunaopeleka vinyago shorumu ya ushirika hapa Mombasa, gogo la mwarobaini likiwa bado bichi yeyusha mshumaa upake ncha zote mbili siku hiyohiyo linapokatwa, maana maji yanatokea nchani haraka kuliko ubavuni, ncha zinasinyaa huku katikati ya gogo bado kubichi ndo unaona ufa mwembamba kama unywele, baadaye hadi kucha inaingia na twiga wako harudi tena kwenye shelfu. Liweke kivulini, lisiguse chini. Ila ufa ukishaanza nta haisaidii kitu, na ukiacha moyo wa mti ndani ya kinyago kitapasuka tu, hapo bora gogo ulipasue kati kwanza.