Namna ya Kuipima Safu ya Ulinzi ya Klabu Kabla ya Msimu Mpya

Ifikapo Julai, msimu ukiwa umekwisha na baridi imeishika Arusha, mazungumzo ya soka kuanzia Kaloleni hadi Soko la Kilombero huzunguka swali moja: tumemsajili nani? Ni swali la haki, lakini kwa safu ya ulinzi halifai kuwa la kwanza. La kwanza ni kujua mabao tuliyofungwa msimu uliopita yaliingiaje. Klabu inayoruka swali hilo humnunua beki kwa sababu jina lake limesikika, kisha Novemba inafungwa mabao yaleyale iliyofungwa mwaka uliotangulia, kwa njia zilezile, mbele ya beki mpya.

Mikoa yetu miwili, Arusha na Kilimanjaro, ina kila sababu ya kulijali jambo hili. JKT Oljoro ya Arusha ilianza kucheza Ligi Kuu msimu wa 2011/12 na ikashuka mwishoni mwa msimu wa 2013/14. Polisi Tanzania, iliyokuwa ikiutumia Uwanja wa Ushirika mjini Moshi, ilipanda mwaka 2019 na kushuka mwaka 2023. Katika ligi ya timu 16, ambapo mbili za mwisho hushuka moja kwa moja na mbili zinazozitangulia huingia kwenye mchujo, tofauti kati ya kubaki na kushuka huwa ni pointi chache, na pointi hizo hupotea mara nyingi kwa bao la kona katika dakika za mwisho kuliko kwa kukosa mshambuliaji mkubwa. Maelezo yafuatayo yanamfaa kiongozi wa klabu, kocha msaidizi, mchambuzi wa redio au shabiki anayetaka kuitathmini safu ya ulinzi ya timu yake kwa utulivu katika wiki hizi zisizo na mechi.

Anza na picha za video. Mechi za Ligi Kuu huonyeshwa na Azam TV, na vipande vya mabao hupatikana kwa urahisi kwenye mtandao. Kwa timu za Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, huenda ukalazimika kutegemea video zilizopigwa kwa simu na kumbukumbu za benchi la ufundi. Chukua daftari au jedwali la kompyuta, na kwa kila bao lililofungwa andika mpinzani, uwanja, dakika, matokeo yalivyokuwa kabla ya bao, mahali mpira ulipopotezwa, aina ya pasi ya mwisho, eneo ambalo mfungaji alipigia, na mchezaji wetu aliyekuwa karibu naye zaidi. Jambo la msingi ni kutoanzia kwenye shuti. Rudisha picha nyuma sekunde 10 hadi 15, uangalie timu ilivyokuwa imejipanga kabla hatari haijaonekana, kwa maana bao nyingi huonekana kuwa kosa la beki wa kati ilhali zilianzia kwa kiungo aliyepoteza mpira wakati mabeki wote wa pembeni wamepanda.

Ukimaliza, yagawe mabao kwa asili yake: mipira iliyokufa (kona na faulo), krosi za kulia, krosi za kushoto, mipira mirefu iliyopigwa nyuma ya mabeki, mashambulizi ya kushtukiza baada ya sisi kupoteza mpira, penalti, na makosa ya wazi ya mtu mmoja. Hapo ndipo kazi inapokuwa na thamani. Ikiwa theluthi ya mabao imetokana na kona na faulo za pembeni, tatizo huenda si wachezaji kabisa bali mpango wa kukaba, yaani nani anamkaba nani, nani analinda nguzo ya karibu, na nani anasubiri mpira wa pili ukingoni mwa eneo la hatari. Hilo hurekebishwa mazoezini bila kutumia shilingi ya usajili. Ikiwa mabao mengi yamepitia upande wa kushoto, usikimbilie kumhukumu namba 3, yaani beki wa kushoto. Jiulize kama alikuwa peke yake dhidi ya watu wawili, na kama ndivyo, nani alipaswa kurudi kumsaidia. Winga asiyerudi humharibia jina beki aliye nyuma yake msimu mzima, na klabu nyingi zimemwacha beki mzuri kwa kosa la winga.

Dakika za mabao nazo zisomwe kwa makini. Mabao yanayorundikana baada ya dakika ya 75 huashiria ama uchovu, ama mabadiliko yaliyovuruga mpangilio, na sasa kwa kuwa timu huruhusiwa kubadilisha wachezaji watano, kocha anaweza kubadili nusu ya mfumo wake wa kukaba ndani ya robo saa. Mabao ya dakika 10 za kwanza za kipindi cha pili yana maana nyingine: wapinzani wamepata la kurekebisha wakati wa mapumziko, nasi hatukulijibu.

Ninashauri pia kuhesabu nafasi za wazi ambazo wapinzani walizikosa. Idadi ya mabao ni ndogo mno kwa msimu mmoja na inaweza kudanganya kwa pande zote mbili. Timu iliyofungwa mabao 25 kwa sababu kipa wake aliokoa mipira isiyookoleka haina ulinzi imara. Ina kipa hodari, na siku kipa huyo akiumia ukweli utajitokeza. Ukiweza, tenganisha mambo haya mawili: wapinzani walifika mara ngapi mahali pa kufunga, na kipa alifanya nini walipofika.

Baada ya mabao, hesabu dakika. Msimu wa mechi 30 una dakika 2,700 kwa kila nafasi, hivyo mabeki wanne kwa pamoja wana dakika 10,800 za kugawana. Andika kila beki amecheza ngapi kati ya hizo, kisha weka alama kwa wanaoondoka. Tuseme beki wa kati aliyecheza dakika 2,500 anahama, na beki wa kulia aliyecheza 2,000 mkataba wake umekwisha. Hapo umepoteza dakika 4,500, zaidi ya asilimia 40 ya uzoefu wa safu nzima, hata kama katika orodha ya usajili wanaoondoka ni watu wawili tu. Angalia vilevile wawili waliocheza pamoja mara nyingi. Mabeki wa kati hufahamiana kwa muda mrefu, mmoja akijua mwenzake atapanda lini na atabaki lini, na ufahamiano huo haununuliwi katika dirisha lolote. Kama mmoja wao lazima aondoke, fanya kila uwezalo ili mwingine abaki.

Dakika hizi hizi hukuonyesha afya na nidhamu. Beki aliyekosa mechi kwa majeraha ya misuli ya paja mara kwa mara katika misimu miwili huenda akazikosa tena, na ni busara kumhesabu kama nusu ya mchezaji unapopanga idadi. Kadi nazo zipimwe kwa sababu zake: kadi ya njano ya beki aliyezuia shambulizi la kushtukiza katikati ya uwanja ni tofauti kabisa na kadi ya kubishana na mwamuzi.

Mikataba iende sambamba na hesabu hiyo. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji ambaye mkataba wake umebakiza miezi sita au pungufu yuko huru kuzungumza na klabu nyingine na kusaini nayo, na mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 hauwezi kuzidi miaka mitatu. Maana yake ni kwamba beki ambaye mkataba wake unaisha Juni ijayo anaweza kukuponyoka tangu Januari bila klabu kupata chochote. Majadiliano yake yafanyike sasa, wakati wa mapumziko, si wakati wa dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu.

Sasa ndipo tunapofika kwa mchezaji mmoja mmoja, na hapa ninawasihi wasomaji waache kipimo cha urefu na cha idadi ya mipira aliyonyang'anya. Beki anayeteleza chini mara nane kwa mechi hushangiliwa jukwaani, lakini mara nyingi anateleza kwa sababu alichelewa kufika. Mtazame asipokuwa na mpira: anageuza shingo mara ngapi kuangalia nyuma yake, mwili wake umeelekea wapi mpira unapokuwa upande wa pili, anawapangia wenzake kwa sauti au yuko kimya. Dickson Job wa Yanga si mrefu kama mabeki wengi wa kati, na bado amecheza nafasi hiyo katika klabu na Taifa Stars kwa sababu huusoma mpira mapema na huutoa nyuma kwa utulivu.

Mfano wa Yanga unafaa kutazamwa zaidi kwa sababu nyingine. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal Union mwaka 2020, Job akatoka Mtibwa Sugar Januari 2021, na Ibrahim Abdallah Hamad, maarufu kama Bacca, akatoka KMKM ya Zanzibar Januari 2022. Kwa watu hao watatu waliotoka katika klabu za ndani, Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Klabu ya Arusha au Moshi isiyo na fedha za kushindana na timu za Dar es Salaam ina funzo kubwa hapo: mabeki bora hawapatikani kwa mawakala wa nje pekee, na nafasi za wageni, ambazo kwa misimu ya karibuni zimekuwa 12 kwa klabu ya Ligi Kuu, kwa maoni yangu zitumike kwanza mahali ambapo nchi haina mtu.

Usiipime safu ya nyuma bila kipa na namba 6. Wengi waliyasifu mafanikio ya mabeki wa Yanga katika kipindi hicho bila kumtaja vya kutosha kiungo mkabaji Khalid Aucho aliyewakinga mbele, wala kipa Djigui Diarra aliyekuwa tayari kucheza kwa miguu. Tangu sheria ya mwaka 2019 iliyoruhusu mpira wa golikiki kupokewa ndani ya eneo la hatari, kipa na mabeki wa kati wamekuwa waanzilishi wa mashambulizi, na beki wa kati wa kushoto anayetumia mguu wa kushoto amepanda thamani, kwa kuwa hufungua pasi ya upande ule bila kugeuza mwili kuelekea kwa mpinzani. Kama timu yako haina hata mmoja wa namna hiyo, liandike kama pengo.

Mazingira ya nyumbani yaingie katika tathmini. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini zaidi, na timu zinazotoka pwani huja kwetu zikipumua kwa shida, nasi tunashuka kwao kukutana na joto na unyevu. Beki anayecheza vizuri kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, huenda asimalize dakika 90 kwa nguvu ileile jijini Dar es Salaam au Tanga, kwa hiyo linganisha kumbukumbu zake za nyumbani na za ugenini kabla ya kumpa mkataba mrefu. Mzunguko wa mwisho wa ligi huangukia masika, uwanja unapokuwa mzito na mpira hautelezi vizuri. Mabeki wanaopenda pasi fupi wanahitaji wakati huo kujua lini wapige mbele bila aibu. Kwenye nyasi bandia kama za Kaitaba, Bukoba, mpira mrefu hudunda tofauti, na mabeki wazito wa kugeuka huumbuka.

Ukishajua mapengo, tafuta mtu wa pengo hilo na si mtu mzuri kwa ujumla. Majaribio ya siku mbili kwenye mazoezi hayatoshi kumjua beki, kwa kuwa mazoezini hakuna presha ya pointi. Mtazame katika mechi walau tatu, moja ikiwa ya ugenini na moja ambayo timu yake inafungwa, maana hapo ndipo unapoona kama bado anashikilia nafasi yake au ameanza kukimbilia mbele kutafuta sifa. Kabla ya kutoa fedha, angalia kikosi cha vijana. Kijana wa miaka 19 mwenye makosa ya kukosa uzoefu anaweza kuwa chaguo la tatu la nafasi yake, ilimradi apewe dakika halisi na asibaki kuwa jina la kujazia fomu.

Mechi za kirafiki za Agosti ndizo kipimo cha mwisho, lakini matokeo yake yasikushughulishe. Angalia umbali kati ya mabeki na viungo timu inapopoteza mpira, angalia nani anaamua lini mstari wa kuotea upandishwe juu, na hesabu ni katika kona ngapi mpinzani aliugusa mpira kwanza. Mwombe kocha aipe safu inayotarajiwa kuanza walau mechi mbili kamili pamoja, badala ya kubadilisha wote kila nusu saa ili kila mtu aonekane. Kama baada ya mechi hizo pengo uliloliandika Julai bado liko wazi na dirisha halijafungwa, omba mkopo wa beki asiyepata nafasi katika klabu kubwa, kwa mkataba wa msimu mzima, ukiwa na sharti la maandishi kwamba hatarudishwa dirisha dogo bila klabu yako kukubali.