Laini kwanza, simu baadaye: mambo ya kuzingatia kabla ya kuwasha simu mpya

Simu ikipotea, mawazo hukimbilia dukani: ninunue ipi, kwa shilingi ngapi. Naomba uyarudishe kidogo. Simu utapata, hata kitochi cha kuazima. Kinachouma ni ile namba, maana humo ndimo zimo pesa zako, WhatsApp yako, ujumbe wa benki na watu wote wanaokuamini. Kibaka akishachomoa laini na kuipachika kwenye simu nyingine, anaweza kuwaandikia ndugu zako "nitumie hela haraka" kwa jina lako, na namba yako ya siri ikiwa ni mwaka wako wa kuzaliwa, anaweza hata kukopa kwa jina hilo hilo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla hata hujamaliza kuhuzunika, ni kupiga huduma kwa wateja na kuomba laini ifungwe, na akaunti ya pesa nayo isimamishwe. Hapa Tanzania mitandao mikubwa yote hutumia 100, na ndiyo maana watu hukwama: ukipiga 100 kwa laini ya Airtel utafika Airtel, hata kama iliyopotea ni ya Vodacom. Azima simu ya mtu wa mtandao ule ule. Jua mapema nani hapo nyumbani au kazini ana laini ya mtandao wako.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila anayesoma alifanye leo, simu ikiwa bado mkononi. Piga *106# uangalie laini yako imesajiliwa kwa jina la nani.

Mama mkubwa wangu aliibiwa simu Mbagala Rangi Tatu. Namba ile alikuwa nayo miaka, kikoba chote kinaijua, na pesa kidogo za mchango zilikuwa humo. Tulipofika kwa wakala tukaambiwa laini si yake. Ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kijana aliyekuwa mpangaji wake, kwa sababu wakati ule yeye namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa haijatoka na kijana akajitolea. Kijana mwenyewe keshahamia Mwanza. Hakuna wa kulaumiwa hapo, alimsaidia kwa moyo mweupe, lakini mfumo unamtambua mwenye kidole, haumtambui anayepokea simu. Ikabidi yule kijana aende dukani Mwanza, aweke kidole, apewe laini, kisha laini isafirishwe kwa basi hadi Dar ndani ya bahasha. Siku zote hizo mama mkubwa hana namba, na watu wa kikoba wanampigia hawampati.

Familia nyingi zina laini za namna hii, za shemeji, za mtoto wa dada, za marehemu. Usajili wa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa; katika pilikapilika zile watu walisajiliana. Kama laini yako iko kwa jina la mwingine na bado yupo hai na mnaelewana, nendeni pamoja dukani mkabadilishe umiliki. Simu ikishaibiwa, safari hiyo hiyo inakuwa ndefu mara kumi.

Cha pili ni namba ya NIDA, utakayoulizwa ukienda kurudisha laini. Kadi ya kitambulisho si lazima. Namba yenyewe ya tarakimu 20 inatosha, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwa hiyo kukariri si mzigo kama inavyoonekana. Usiihifadhi kwenye simu peke yake, maana hiyo ndiyo inayopotea. Ukiisahau, menyu ya *152*00# ina sehemu ya NIDA ya kukukumbusha. Kwa wazee, mafundi ujenzi na wakulima, tatizo huwa ni vidole: alama zimelika, ngozi kavu, mashine inakataa. Nawa mikono, paka mafuta kidogo, jaribu kidole kingine. Kikigoma kwa wakala wa mwamvuli, nenda duka kubwa la mtandao wenyewe. Usikubali kuambiwa "tumia kidole cha mwanao", maana utakuwa umerudi pale pale alipokwama mama mkubwa.

Polisi nako kuna njia mbili ambazo watu huzichanganya. Kilichopotea kinaombewa taarifa ya upotevu, na siku hizi inaombwa kwenye mtandao wa Jeshi la Polisi bila kupanga foleni kituoni. Kilichoibiwa unakwenda kituoni kufungua taarifa na kupewa RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ukitaka simu yenyewe ifungwe isitumike, utahitaji IMEI, namba tambulishi ya tarakimu 15. Iko ubavuni mwa boksi, na ukipiga *#06# inatokea kwenye kioo. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote. Boksi lililotupwa siku ya kununua ndilo utakalolikumbuka hapo.

Kuhusu malipo. Taarifa ya upotevu ina ada ndogo inayolipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa hiyo usimpe mtu pesa mkononi. Kadi mpya ya laini hulipiwa kwa bei iliyopangwa na mtandao husika. Uliza bei kabla hujaweka kidole, na omba ujumbe au risiti. Kusajili kwa kidole ni bure, anayekudai pesa ya "kidole" anajitafutia yake. Salio na pesa za simu hazikai kwenye ile kadi ndogo, ziko kwenye namba, kwa hiyo yeyote anayesema anataka asilimia ili "akurudishie pesa zilizokuwa kwenye laini" ni mwizi wa pili.

Mezani kwa mhudumu utaulizwa maswali ya kuthibitisha: namba unazozipigia mara kwa mara, mara ya mwisho uliongeza vocha ya kiasi gani, mara ya mwisho ulimtumia nani pesa. Nani leo anakumbuka namba za watu kwa kichwa? Andika tano kwenye karatasi.

Ukishaweka kidole mara moja na mashine ikakubali, halafu ukaambiwa "weka tena", simama uulize kwa nini. Wakati mwingine ni hitilafu ya kweli. Wakati mwingine kidole cha pili kinasajili laini nyingine ambayo hutaiona, na siku ikitumika kwa utapeli jina litakalotokea ni lako. Ukifika nyumbani piga *106# tena uhesabu laini zilizo kwa jina lako.

Laini mpya ikichelewa kushika mtandao, zima simu na uwashe. Ikiamka, badilisha namba ya siri ya pesa siku hiyo hiyo, na usishangae huduma ya benki ya simu ikigoma: baadhi ya benki hufunga laini iliyobadilishwa mpaka ufike tawini. Kama una kodi ya kulipa kesho, pita benki leo.

Ndipo sasa twende Kariakoo kwenye simu. Kwa mpya na ya mtumba, kabla ya kutoa pesa piga *#06# na utume IMEI kwenda 15090. Jibu litakuonyesha aina ya simu. Likisema aina tofauti na uliyoishika, iache. Tarehe 16 Juni 2016 usiku TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia nchi nzima, na watu waliamka na vyuma visivyopiga wala kupokea. Kwa ya mtumba kuna mtego mwingine: ikiwa imefutwa bila mwenyewe kuondoa akaunti yake ya Google, ukiiwasha itadai nywila ya mtu usiyemjua, iPhone nayo itadai ya Apple. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako mpaka ifike ukurasa wa mwanzo. Uliza pia kama ilinunuliwa kwa mkopo, kwani simu za mkopo hujifunga malipo yakisimama, hata kama wewe umelipa taslimu kwa muuzaji wako. Na ile aliyokuletea ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa imefungwa kwa mtandao wa kule. Jaribu laini yako ndani yake kabla hujafurahi.

WhatsApp iache iwe ya mwisho, laini ikiwa tayari imeamka, maana hutuma tarakimu 6 kwa ujumbe. Ukiziingiza tu, aliyekuwa ndani ya akaunti yako hutolewa. Lakini kama aliwahi kuweka namba ya siri ya uthibitishaji wa hatua mbili, utasubiri siku 7 kuingia. Iweke wewe leo, kabla yake. Majina ya watu yaliyohifadhiwa kwenye laini hayarudi, kadi mpya huja tupu. Yaliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google yanarudi yote ukikumbuka nywila. Kisha ingia kwenye orodha ya vifaa vya akaunti hiyo uitoe ile simu iliyopotea.

Mama mkubwa sasa ana laini kwa jina lake, na kidole chake kilikubali mara ya tatu. Karatasi yake iko ndani ya kopo la majani ya chai: namba ya NIDA, IMEI mbili, na namba tano za watu, ya kwanza ikiwa ya mweka hazina wa kikoba.