Jinsi ya kuongoza somo la 1 Samweli 15 katika kikundi cha Biblia

Sura hii haifundishiki kwa dakika kumi mwishoni mwa ibada. Samweli anamwambia Sauli, kwa jina la Bwana, awapige Waamaleki asibakize kitu: mwanamume na mwanamke, mtoto na anyonyaye, ng'ombe na kondoo, ngamia na punda. Katika makanisa yanayosali kwa Kiswahili hapa Uganda, kuanzia Kampala hadi kambi ya Nakivale, wamo waliokimbia vijiji vilivyochomwa Kongo. Wamo pia waliokulia Acholi na Lango wakati Joseph Kony akiua na kuteka watoto huku akidai anaongozwa na roho na kutetea Amri Kumi. Mwongozo huu ni wa mzee wa kanisa, katekista au kiongozi wa kikundi anayetaka kuisoma sura hii bila kuficha kilichoandikwa, na bila kumpa mtu yeyote ruhusa ya kumdhuru jirani yake.

Tenga vipindi viwili vya saa mbili mbili, kwa wiki mbili mfululizo. Watu wasizidi kumi na watano. Wakizidi, wenye maumivu hunyamaza na wenye sauti kubwa hutawala. Wiki moja kabla, tangaza ni sura gani itasomwa na useme wazi kwamba ina mauaji ya watoto wachanga. Anayechagua kubaki nyumbani asiulizwe sababu. Watoto wasiwemo chumbani. Mweke mtu mmoja anayeaminika, mama mtu mzima ni bora, akae karibu na mlango. Kazi yake ni kutoka pamoja na yeyote atakayeinuka, akae naye nje, asimshawishi kurudi.

Usianze na sura yenyewe. Anza na Mwanzo 18:22–33, pale Ibrahimu anapoiombea Sodoma, akishuka kutoka wenye haki 50 hadi 10, na kumwuliza Mungu kama Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki. Mungu anamjibu kila mara na wala hamkemei. Watu wengi wamelelewa wakiamini kwamba kuuliza ni upungufu wa imani, na bila Ibrahimu hawatafungua kinywa baadaye. Kisha soma Kutoka 17:8–16 na Kumbukumbu la Torati 25:17–19, ili wajue Waamaleki wanashtakiwa kwa nini: waliwashambulia Waisraeli waliochoka na kubaki nyuma njiani. Uliza kikundi: kati ya kosa hilo na siku za Sauli vizazi vingapi vimepita? Kwa hesabu ya Biblia yenyewe ni karne kadhaa. Mtoto anyonyaye wa sura ya 15 hakuwapo njiani.

Sasa soma 1 Samweli 15 yote, aya 35, kwa sauti ya msomaji mmoja asiye na haraka. Hapa ndipo wahubiri wengi huharibu. Wanasoma aya ya 3 haraka haraka, wanarukia aya ya 22 kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu, na mahubiri yanakuwa ya utii tu. Waliouawa wanageuka mapambo ya somo. Usikubali kufanya hivyo.

Simama kwenye aya ya 9. Sauli na watu wake wanamwacha hai mfalme Agagi na wanyama walionona. Vilivyo duni wanaviangamiza. Hakuna neno hata moja linalosema Sauli alimhurumia mtoto. Mtu akimtetea kwamba alikuwa na huruma, mrudishe hapo: kilichobaki ni nyara na mfalme. Kisha aya ya 14: Samweli anafika na kuuliza ni kilio gani hiki cha kondoo masikioni mwake. Uliza swali moja tu, "Katika sura hii ni kilio cha nani ambacho hakuna anayekiulizia?" na usilijibu wewe. Aya ya 11 na ya 29 nazo zisomwe pamoja, maana ya kwanza inasema Bwana amejuta kumtawaza Sauli na ya pili inasema yeye si mwanadamu hata ajute. Mwandishi ameziacha zote mbili, nasi tusimsaidie kufuta moja.

Malizia kipindi cha kwanza na 1 Samweli 22:16–19. Mfalme yule yule anaamuru makuhani wa Nobu wauawe. Askari wake wanakataa kuwagusa. Doegi Mwedomi anakubali, anaua makuhani 85, kisha mji wao unapigwa: wanaume na wanawake, watoto na wanyonyao, ng'ombe, punda na kondoo. Ni orodha ile ile, karibu neno kwa neno. Waambie waweke kidole kimoja kwenye 15:3 na kingine kwenye 22:19, walinganishe wenyewe. Katika mara zote tulizoona sura ya 15 ikihubiriwa, hawa askari waliokataa hawatajwi, na hilo ni hasara kubwa.

Kipindi cha pili ni cha majibu. Kila jibu lisemwe kwa nguvu zake zote kabla ya kupingwa. Wapo wanaosema Mungu ndiye atoaye uhai, basi ana haki ya kuutwaa. Jibu hili linaheshimu ukuu wa Mungu, lakini halikupi kipimo chochote cha kumpinga muuaji anayesema ametumwa. Wapo wanaosema ilikuwa adhabu ya dhambi. Hao wasomee Kumbukumbu 24:16, kwamba watoto wasiuawe kwa makosa ya baba zao, na Ezekieli 18:20.

Wengine husema hayo ni majigambo ya vita. Hoja hii ina ushahidi mzuri. Yoshua 10 inasema Hebroni na Debiri hazikubakiwa na mtu, ilhali Yoshua 15 inamwonyesha Kalebu akipigana na wenyeji wa miji hiyo hiyo. Waamaleki "walioangamizwa" wanarudi katika 1 Samweli 30, na vijana 400 kati yao wanatoroka juu ya ngamia. Majirani nao waliandika hivyo. Mfalme Mesha wa Moabi, katika jiwe lenye maandishi yake lililopatikana Dhiban, Yordani, mwaka 1868, anajisifu kwamba aliua watu wote wa Nebo kwa ajili ya mungu wake, na kwamba Israeli imepotea milele. Huko Yeriko, mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimba kati ya 1952 na 1958 na hakupata mji wenye kuta wa wakati ambao wataalamu wengi humweka Yoshua. Lakini hata kama hayakutokea, amri bado imeandikwa kinywani mwa Mungu. Hoja ya majigambo inapunguza maiti, haiondoi swali.

Jibu linalopendwa zaidi kwetu ni la mafumbo: Amaleki ni dhambi iliyo ndani yangu. Origen, mwalimu wa kanisa la kale, alisoma kitabu cha Yoshua hivyo katika karne ya tatu. Lina faida, ila liangalie kwa makini, kwa sababu katika maombi ya usiku kucha Amaleki haikai ndani kwa muda mrefu. Inatoka na kuwa mama mkwe, au mke mwenza, au jirani mzee anayeshukiwa uchawi. Weka sharti mapema: katika kikundi hiki hakuna mtu, kabila wala taifa litakaloitwa Amaleki. Likitajwa, katiza hapo hapo kwa upole, hata kama msemaji ni mchungaji mgeni.

Usikose kuwaonyesha jinsi Wayahudi wenyewe walivyosoma. Katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi (walimu wa Kiyahudi), sehemu ya Yoma 22b, marabi wanamfanya Sauli abishane na amri: kama Torati inadai mtamba avunjwe shingo kwa sababu ya mtu mmoja aliyekutwa ameuawa, itakuwaje kwa nafsi zote hizi? Wakubwa wakikosa, watoto wamekosa nini? Sauti ya mbinguni inamwambia asiwe mwenye haki kupita kiasi. Na siku ya Nobu inamwambia asiwe mwovu kupita kiasi. Marabi waliziona sura hizo mbili pamoja, na walithubutu kuandika pingamizi ambalo maandiko hayakulitaja. Mishna nayo, mkusanyo wa sheria za marabi ambao Talmudi inaufafanua, katika Yadayimu 4:4, inasema Senakeribu mfalme wa Ashuru alikwisha kuyachanganya mataifa yote; kwa hiyo hakuna anayeweza kumnyooshea mtu kidole kwamba ni wa taifa fulani la kale. Maimonides, mwanazuoni mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki 1204, aliandika kwamba hata mataifa yale saba ya Kanaani na Amaleki lazima waitiwe amani kwanza.

Hili litakusaidia mtu akisema Mungu wa Agano la Kale ni mkatili na wa Agano Jipya ni upendo. Marcion, mwalimu wa karne ya pili, alifundisha hivyo na kanisa la Roma likamtenga mwaka 144. "Mpende jirani yako kama nafsi yako" ni Walawi 19:18. Mkiwa karibu na Mbale, ombeni kuzungumza na Abayudaya wa Nabugoye, jumuiya ya Kiyahudi ya Waganda iliyoanzia kwa Semei Kakungulu mwaka 1919. Pangeni siku ya kazi, si Sabato, na nendeni kusikiliza.

Usimwombe mtu aliyenusurika mauaji atoe ushuhuda ili somo liwe na uzito. Akitaka mwenyewe kusema, mpe nafasi, na mtu asimjibu kwa aya.

Mjadala ukibaki moto, pangeni kipindi cha tatu juu ya Hesabu 31. Angalieni kwamba aya ya 2 ina agizo la Bwana la kulipiza kisasi kwa Wamidiani, lakini amri ya kuua wavulana, aya ya 17, inatoka kinywani mwa Musa akiwa amekasirika. Aya ya 18 inahusu wasichana walioachwa hai kwa ajili ya wapiganaji. Kwa sababu hiyo kipindi hicho kiongozwe na mwanamke, au na mwanamke pamoja na mwanamume, na onyo la wiki moja kabla litaje wasichana waziwazi.