Kabla ya kupeleka ubao wa tanga Paje, uliza maji kwanza

Wanaopanga likizo ya ubao wa tanga (windsurfing) Unguja huuliza upepo, na upepo ndilo swali jepesi. Kusi linashika vizuri kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba, kaskazi kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari. Aprili na Mei ni masika. Ukija wakati huo utakaa barazani. Paje, Jambiani na Bwejuu, vijiji vya pwani ya mashariki, pepo zote mbili zinakuja kwa ubavu na kuelekea nchi kavu, kwa hiyo chombo kikikuharibikia utasukumwa pwani. Pwani ya magharibi ni kinyume chake. Kendwa wakati wa kusi upepo unatoka nchi kavu, na maji ya ufukweni yametulia kiasi kwamba anayejifunza anaona amepata mahali pake. Akianguka mara mbili tatu akashindwa kuinua tanga, ameshakwenda zake. Huko usiingie bila boti ya kukufuata.

Sasa maji. Kabla ya kukata tiketi fungua kalenda ya Kiislamu. Bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa sana, linafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likikolea tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi. Siku hizo kati ya maji kujaa na kupwa kuna karibu mita 4, na saa zake wavuvi wanazijua kwa kichwa: yanajaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, yanapwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Tarehe 8 hadi 10, na 23 hadi 25, ni maji mafu: hayajai sana wala hayatoki sana. Anayeanza achague siku hizo.

Siku za bamvua kubwa zinaudhi tu, kwa sababu asubuhi bahari imeondoka na unaiona imeondoka. Unangoja mpaka saa 7 mchana, unaingia, unafurahi. Zenye hila ni zinazofuata, kama tarehe 5 na 6. Asubuhi saa 3 maji yamejaa bado, upepo unaanza kukaza, kila kitu kinakualika. Unakimbia mpaka karibu na mwamba wa matumbawe, unarudi, unakwenda tena. Hakuna anayehisi maji yakipungua akiwa juu ya ubao. Kufika saa 5 na nusu pezi la sentimita 30 lililo chini ya ubao linakwaruza mchanga, au linanasa kwenye kamba ya mwani iliyofungwa baina ya vijiti viwili. Ubao unasimama papo hapo, mwili hausimami: unarushwa mbele juu ya tanga, na mlingoti unaangukia pua ya ubao na kuipasua. Chini si maji ya kukupokea, ni mawe na miiba.

Halafu kuna kutembea. Zaidi ya nusu kilomita na ubao kichwani, tanga linavutwa, katikati ya mashamba ya mwani. Kilimo hicho kimekuwepo Paje na Jambiani tangu 1989, na wengi wa wenye kamba hizo ni kina mama wa kijiji. Zungukia, usikate. Ukikata, mtafute mwenyewe umlipe, usiondoke kimya.

Jambo jingine la maji kupwa ni mlango, ile nafasi kwenye mwamba. Maji yote ya ndani yanatokea hapo, kwa kasi. Upepo ukilegea ukiwa jirani nao, mkondo unakuchukua nje hata kama upepo huo mdogo unavuma kuelekea pwani. Yakiwa yanapwa, kaa mbali nao. Na kipimo cha jumla: maji yakishuka chini ya mapaja, toka.

Vifaa. Vituo vingi vya Paje ni vya kaiti, yaani tiara kubwa linalomvuta mtu juu ya ubao, kwa hiyo kama unategemea kukodi, uliza kwa maandishi kama wana tanga na ukubwa gani. Mtu wa kilo 75 kwenye kusi la kawaida atumie tanga la mita za mraba 5.5 hadi 6.2, kwenye kaskazi aongeze kama nusu mita ya mraba. Anayeanza, ujazo wa ubao wake usipungue lita 150. Pezi liwe lile lililolala nyuma, la kupitisha majani. Mlingoti wa sentimita 430 ukitenganishwa ni vipande viwili vya mita 2 na kitu, pima kabla ya kuahidi dereva wa teksi kwamba utaingia.

Kinachosahaulika ni kile kiungo cha mpira kinachoshika mlingoti na ubao. Jua na chumvi vinakila kwa ndani. Kikunje mpaka kilale kabisa, kigeuze, tazama pale mpira unapokutana na chuma. Ukiona ufa wa upana wa kucha, kitupe. Beba kimoja cha akiba, skrubu mbili za pezi na mita 3 za kamba ya milimita 4. Kikikatika baharini, funga mlingoti kwa kamba hiyo na urudi polepole. Ikishindikana, kunja tanga, lala juu ya ubao, piga mikono. Ubao usiuache hata pwani ionekane jirani.

Viatu vya mpira vyenye soli, lazima. Mwiba mweusi wa baharini ukikatikia mguuni usichimbe kwa sindano. Loweka kwenye maji ya moto unayoyavumilia, na usipopoa nenda hospitali. Kaiti zina kamba za mita 20 na zaidi, kwa hiyo wewe pita upande wao wa joshini, yaani upepo unakotoka, usikatize chini yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, pumzika. Fulana ya mikono mirefu, maji ya kunywa, kanga au shati la kupitia kijijini. Jua likizama giza linaingia haraka, saa 11 uwe umeshaanza kurudi, na mtu wa pwani awe anajua rangi ya tanga lako na saa uliyosema utatoka. Na kama mvuvi wa hapo anakwambia leo usiende, hata kama anga ni safi, muulize kwa nini kabla hujatweka tanga.